Kibati cha Mwisho

Mlango wa nyumba ya dawa ulikuwa wangu. Daktari alikuwa na visu vyake, padri alikuwa na kanzu yake nyeupe, na mimi, Dzoro, nilikuwa na mlango.

Kila asubuhi ya kazi nilisimama pale na kikapu cha vibati thelathini na sita, vilivyokatwa katika madebe ya mafuta ya taa na kutobolewa namba kwa msumari. Aliyefika mapema alipata kibati. Akiwa na kibati aliketi, akasikiliza somo la Mungu, kisha akaingia kwa daktari. Asiyesikia somo hakutibiwa. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Ilitungwa na watu ambao hawajawahi kusikiliza mahubiri wakiwa na jipu kwapani. Vibati vikiisha, nilifunga mlango na kutia komeo, na hata angekuja Liwali angeambiwa kesho. Nasema hivyo tu. Angekuja Liwali, daktari mwenyewe angetoka kumfungulia. Maskini ndiye aliyeambiwa kesho.

Somo nilisoma mimi. Kusoma sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwaka ule wa njaa kubwa, nikiwa nimelala kwetu Rabai na mguu uliovunjika, kwa maandishi yaliyopigwa juu ya magunia ya mchele wa msaada. Wenzangu walitazama ndani ya gunia, mimi nilitazama nje. Nilipokuja kubatizwa niliambiwa nichague jina jipya. Nikasema Mungu amenijua kwa jina la Dzoro tangu tumboni, wasimchanganye.

Habari ya mguu ni hii. Mwaka 1897, juu ya Mazeras, watu kumi tulibeba reli moja begani. Mimi nilikuwa mbele, Karisa nyuma yangu hatua moja, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi. Mtu wa mbele kabisa alijikwaa, reli ikateleza, ikaja juu yangu. Karisa haikumgusa hata ukucha. Msimamizi aliamuru nivutwe kando ili kazi iendelee. Nakumbuka kofia yake na nyama kavu aliyokuwa akiitafuna, na nakumbuka kwamba hakuacha kutafuna. Leo mabwana hupita pale kwa gari la moshi wakiwa wameketi juu ya mito, wanakunywa chai, na mfupa wangu ndio uliolazwa chini yao.

Mguu ulipona, lakini ulipona umepinda, goti likitazama kando kama mtu aliyeitwa jina. Wakati ule nilikuwa namposa msichana, Kanze. Baba yake alikunywa tembo langu miezi mitatu, akiniita mwanangu. Nilipokwenda kwake na fimbo mkononi alinitazama chini, akasema shamba lake lina mteremko. Mwaka uliofuata Kanze aliolewa na Karisa.

Sikugombana na mtu. Niliteremka Mombasa, nikapata kazi misheni, nikajifunza kuosha vidonda na kufunga bendeji. Karisa naye aliteremka, akapata kazi ya kusukuma toroli za wakubwa, zile zinazopita juu ya reli ndogo kutoka Kilindini mpaka mjini. Alivaa fulana nyekundu yenye mshipi. Nilimwona mara nyingi akikimbia nyuma ya toroli, miguu yake miwili ikipigana na barabara sawasawa, kushoto kulia, kushoto kulia, na akinipita alikuwa akipiga kelele, "Dzoro we, panda nikusukume." Watu walicheka. Yeye alicheka bila ubaya, na hilo ndilo lililonichoma. Mtu aliyenifanyia ubaya ningemchukia mchana kweupe. Karisa hakunifanyia kitu. Alikuwa tu na vyote.

Sasa nyumba ya dawa ilikuwa na mlango wa pili, nyuma, kichochoroni. Mabibi wa mtaa wa Ndia Kuu hawakukubali kupita mbele ya macho ya wanaume, kwa hiyo daktari aliwatengea chumba nyuma ya pazia la mkeka, na mlango wao wenyewe. Mwanamume hakukanyaga pale, hata mimi. Vibati vyao nilivipitisha chini ya mkeka, mkono ukakipokea kila kimoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa Bi Alawiya, mzee wa nyumba ya masharifu, aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Hakukosa Jumatatu. Kabla sijafungua kitabu aliniita.

"Dzoro mwanangu, wataka kuanza?"

"Naanza, Bi Alawiya."

"Ngoja basi nizibe masikio."

Na kweli aliyaziba. Pamba alikuja nayo mwenyewe, ndani ya kikebe chake cha tambuu.

"Nikimaliza nitakwambia," nilisema siku ya kwanza.

"Utanambiaje nami sisikii? Vuta mkeka."

Basi nilisoma, nikimaliza nikavuta ncha ya mkeka, naye akatoa pamba akauliza, "Ameponywa leo?"

"Ameponywa."

"Alhamdulillahi. Kila Jumatatu yuwaponywa. Mtu yule ana bahati."

Maana somo la Jumatatu lilikuwa moja siku zote, la yule mtu aliyepooza. Watu wanne walimbeba kitandani, wakakuta mlango umejaa, wakapanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamteremsha mbele ya Yesu. Walichotaka ni miguu. Kila mtu mle ndani alijua kwamba walitaka miguu. Naye akaanza kwa kumwambia yule mtu kwamba dhambi zake zimesamehewa, na miguu ikaja nyuma. Nikifika hapo nilisoma haraka, nipite.

"Neno hili ni la watu wenye miguu," nilimwambia padri mara moja.

"Dzoro, uko ugonjwa ulio chini ya ugonjwa," alinijibu.

Nikamwambia akae na mguu wangu mwezi mmoja, kisha tuzungumze mambo ya chini.

Mwaka 1909 daktari alinipima akasema mguu waweza kunyoshwa. Atauvunja upya mahali pale pale, auweke sawa, aufunge kwa mbao miezi mitatu. Lakini dawa ya usingizi ilikuwa haba, na kila chupa ilipokuja alitokea mtu wa tumbo au mama wa kujifungua. Nilingoja. Mwezi wa tano ikabaki chupa moja, na daktari alikuwa anaondoka kwa meli ya Alhamisi kwenda kwao, na mwenzake wa kushika nafasi hatafika ila baada ya miezi mitano. Akaniita.

"Jumanne, Dzoro," alisema. "Kitanda cha dirishani ni chako, na chupa ni yako. Usile kitu Jumanne asubuhi."

Siku nne zile nilitembea nikiwa mtu mwingine. Nilikwenda kivukoni Likoni, nikatazama watu wanavyoruka kutoka mashuani, jinsi wanavyotua kwa miguu yote miwili bila kufikiri. Nilijiambia nitaruka hivyo. Nilijiambia nitapita Kilindini polepole, mbele ya toroli.

Jumatatu yake nilitoa vibati thelathini na tano. Kimoja kilibaki kikapuni, cha thelathini na sita. Mlango nilikuwa nimeurudisha bila kutia komeo, kitabu kiko mkononi, Bi Alawiya keshaziba masikio, nami nimefika pale watu wanne wanapokuta nyumba imejaa. Mlango ukagongwa.

Nilifungua upenyo. Walikuwa wanaume wanne wa toroli, fulana nyekundu, na kitanda cha kamba begani. Mbele yao Kanze.

Harufu ilinifikia kabla ya maneno yake. Nilikuwa na miaka tisa katika kazi ya vidonda, harufu ile sikuhitaji kuambiwa.

"Dzoro, ni mimi."

"Nakuona."

"Ni Karisa. Gurudumu la toroli lilimpanda mguu, leo siku ya nane. Tulimweka majani. Usiku hanijui, yuwaita mamake."

Karisa alikuwa amelala macho wazi bila kutazama kitu. Mguu wa kulia ulifunikwa kanga. Vidole vilivyochungulia vilikuwa vyeusi, na uvimbe ulikuwa umeshapita kifundo.

Nataka nieleze sawasawa, maana watu hupenda kusema shetani aliwashika mkono. Mimi sikushikwa mkono. Nilihesabu. Daktari akiuona mguu ule atataka kuukata na kuusafisha leo hii, na mtu hakatwi hivyo akiwa macho, na chupa ni moja. Akiuona kesho, chupa itakuwa imekwisha kwangu. Mkono wangu uliingia kikapuni, ukatoa kibati, ukakitia mfukoni.

"Vibati vimekwisha," nilisema.

"Hata kimoja?"

"Vimekwisha, Kanze. Rudini kesho mapema."

"Kesho atakuwepo?"

Sikujua kama alimuulizia daktari au mumewe. Nilifunga mlango, safari hii nikatia komeo, nikarudi kwenye kitabu. Niliendelea pale pale nilipoachia, wale wanne wakapanda juu ya dari, wakatoboa. Sikukosea hata neno.

Nilikuwa sijamaliza wakati kelele zilipoanza nyuma ya mkeka. Wanawake walipiga ukemi, viti vikaanguka, kisha pazia zima likaning'inia upande. Wanaume wanne wa toroli walikuwa wamesimama katikati ya chumba cha wanawake, jasho likiwatoka, na Karisa begani. Wanawake walikuwa wamejifunika wakageukia ukutani. Bi Alawiya peke yake alikuwa amesimama, mkono mmoja ameshika mlango wa kichochoroni, wa pili ameunyosha mbele akitafuta mtu wa kumpa kitu.

"Dzoro, uko wapi? Shika. Kibati changu hiki, cha nne. Namba nne ni huyu mgonjwa sasa."

"Bi Alawiya, wanaume wamepita mlango wa wanawake."

"Nimewaona. Macho yangu hayajawa mabovu kiasi hicho."

"Iko sheria."

"Sheria iko mlango wako wa mbele. Huku kwangu mke wa mtu alikuwa akilia nyuma ya ukuta, kichwani mwangu kabisa."

"Ulikuwa umeziba masikio."

"Nimeziba. Na pua je?" alisema. "Harufu ile ingenikalisha mpaka saa ngapi? Mpelekeni huko aondoke hapa."

Daktari alitoka kwa zile kelele. Aliinua kanga, akatazama, akaifunika. Kisha alinivuta kando.

"Dzoro, nina chupa moja."

"Najua, Bwana."

"Mguu wako umengoja miaka kumi na miwili."

"Kumi na miwili, Bwana."

"Huu haungoji mpaka jua lizame. Nifanyeje?"

Aliniuliza kama kwamba palikuwa na majibu mawili. Nilisema, "Mtibu yeye." Ningesema nini mbele ya watu? Akanishika bega, na macho yake yalikuwa yamelowa, na akamgeukia Kanze akamwambia kwa Kiswahili chake cha kukatika, "Shukuru Dzoro. Kitanda ni chake, dawa ni yake. Yeye amempa mume wako."

Kanze alinishika miguu. Miguu yote miwili, mzima na mbovu.

"Vibati vyote vimetoka leo?" daktari aliuliza akikunja mikono ya shati.

"Kimoja kimepotea," nilisema.

Alimfanyia kazi Karisa mpaka alasiri. Akaondoa vidole viwili na kipande cha mfupa, mguu akauacha. Wagonjwa wengine waliambiwa warudi. Siku ile ndiyo iliyokuwa imepangiwa jicho la kulia la Bi Alawiya, kwa dawa ya matone tu, na nilipomwambia kwamba daktari atamwona kesho alijibu, "Aniona kila siku. Mimi ndimi nisiyemwona." Kesho yake daktari alishinda na homa ya Karisa, Jumatano akafunga masanduku, Alhamisi akaenda zake, akaniachia mlango, somo na vidonda. Bi Alawiya akabaki na macho yake, mimi na mguu wangu. Karisa akabaki kitanda cha dirishani.

Na nani alimwosha? Mimi. Palikuwa na mtu mwingine? Kila asubuhi, wiki kumi, nilipiga magoti mbele ya mguu ule kwa shida, maana wangu haukunjiki, nikafungua bendeji, nikaosha kwa maji ya chumvi na dawa, nikafunga. Kidonda hakina hatia, na kazi yangu sikuifanya vibaya. Ningeweza. Siku moja ya kuruka, siku moja ya maji machafu, na hakuna ambaye angejua. Sikufanya, si kwa wema, ni kwa sababu sikutaka mtu aje aseme Dzoro hajui kufunga kidonda. Nyama ikaanza kurudi, nyekundu, safi. Kila nilipofunga bendeji nilikuwa namjengea yeye mguu niliokuwa nao ndotoni.

Karisa alipopata nguvu alianza maneno.

"Mkono wako mwepesi kuliko wa mama."

"Tulia."

"Nasema kweli. Na mimi nilikuwa nakucheka barabarani. Panda nikusukume. Nilikuwa mjinga kweli."

"Tulia, nitakuumiza."

Siku moja akasema, "Lile somo la Jumatatu mimi sikulisikia. Kisheria sikupaswa kutibiwa."

"Umeshatibiwa."

"Nisomee hata hivyo, nisiwe mwizi."

Nikamsomea huku mguu wake uko pajani mwangu, maana nalijua kwa moyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo padri hakuwahi kuniuliza.

"Na wale wanne wabebaji? Wao dhambi zao zilisamehewa?"

"Kitabu hakisemi."

"Wangeulizwa. Kumpandisha mtu mzito juu ya nyumba ya watu, lazima mmoja wao alikuwa na neno moyoni." Akacheka. "Au yule mwenye mlango."

"Hakuna mwenye mlango katika somo."

"Mlango ulijaa wenyewe?"

Nilifunga bendeji. Nilikaza kidogo kupita kiasi, akaguna, nikailegeza.

Kibati kilikuwa bado mfukoni mwangu. Kukirudisha kikapuni sikuweza, nilikuwa nimesema kimepotea. Nilikwenda nacho kivukoni nikitupe majini, mama mmoja muuza mihogo akaniuliza, "Wataka kutupa nini, baba?" nikarudi nacho. Nikitembea kilikuwa kinagonga paja la mguu mbovu, na nikawa najiuliza ingekuwaje kama mambo yangekwenda nilivyopanga. Karisa angekufa kichochoroni. Mimi ningelala kitanda cha dirishani, ningeamka na mguu ulionyoka kama mlingoti, ningetembea Ndia Kuu, Kilindini, kila mahali, kushoto kulia, na kibati mfukoni. Hakuna daktari ambaye angekiona. Kwa mara ya kwanza nilikasirika kwa sababu padri alikuwa amesema kitu cha kweli.

Siku Karisa alipokanyaga chini, Kanze alipiga makofi kama mtoto. Vidole vitatu tu, lakini mguu umenyoka, kisigino kinashika sakafu. Alivuka chumba akarudi. Niliutazama ule mguu kama mtu anavyotazama shamba la babu yake likipimwa na kuandikwa jina la mwingine.

"Jumapili," alisema Karisa, "natoa shukrani. Nawe utanitembeza."

Desturi ya kanisa letu la wenyeji ni hiyo. Aliyepona huleta kitu mkononi, humwita kwa jina yule aliyemsaidia, na wote wawili hutembea kutoka mlangoni mpaka mezani mbele ya watu wote. Kisha aliyepona husema habari yake, na aliyesaidia husema neno moja, naye ni kama amepewa cheo.

Jumapili ile Karisa alikuja na kuku mweupe aliyefungwa miguu kwa ukindu. Aliniita. Tulitembea. Yeye sawasawa, mimi nikichechemea kando yake, na vigelegele vilipigwa pande zote mbili. Mwendo ule sikujua ni mrefu vile.

Karisa aliweka kuku juu ya meza, akawageukia watu.

"Mimi si msemaji," alisema. "Nilikuwa naoza. Mke wangu alikwenda mlangoni akaambiwa vibati vimekwisha, na vilikuwa vimekwisha kweli, sheria ni sheria. Lakini huyu Dzoro hakuweza kuvumilia. Alimtuma yule bibi wa Kiarabu atupitishe nyuma, kisha akanipa kitanda chake na dawa yake, aliyoingoja miaka kumi na miwili. Kisha akaniosha. Simjui mtu mwingine kama huyu."

Kumbe ndivyo walivyokuwa wameielewa. Kanze alikuwa analia. Padri alinitazama kwa uso uliojaa furaha, akasema, "Dzoro, sema neno."

Naapa nilitaka kusema, "Asifiwe Mungu," nikae. Ilikuwa imekaa tayari kwenye ulimi. Miaka yote nilitamani kile alichokuwa nacho Karisa, na sasa kanisa zima lilikuwa linanipa kitu ambacho hata yeye hakuwa nacho. Nilitazama chini. Miguu minne ilikuwa mbele ya meza, mitatu imenyoka, mmoja umepinda. Hata pale, hata wakati ule, niliuonea kijicho mguu wake. Na hapo nikajua kwamba hata ningesifiwa na malaika ningeendelea kuutazama.

Nikatia mkono mfukoni, nikakiweka kibati kando ya kuku.

"Hiki kilikuwa kikapuni," nilisema. "Nilikitia mfukoni alipogonga Kanze. Vibati havikuwa vimekwisha. Sikumtuma mtu. Bi Alawiya alimwingiza mwenyewe, kwa kibati chake, na jicho lake limepofuka kwa hilo. Mimi nilitia komeo, nikarudi kusoma."

Kuku alitingisha mbawa.

"Ulikuwa nacho?" Kanze aliuliza akiinuka benchini. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa nacho."

"Nami nimesimama pale."

"Umesimama."

"Ulinusa, Dzoro. Wewe wajua harufu."

"Nilinusa."

Alikaa. Karisa alikiokota kibati, akapitisha dole gumba juu ya matundu ya msumari. Hakujua kusoma.

"Ni namba gani?"

"Thelathini na sita."

"Ya mwisho."

"Ya mwisho."

Nilingoja anipige. Ningeona afadhali. Alikitia kibati mfukoni mwake, kisha akamchukua kuku juu ya meza.

"Karisa," padri alisema taratibu, "huyo ameshatolewa kwa Bwana."

"Bwana ana kuku wengi. Huyu nimekosea mlango." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa macho nisiyoyajua. "Yule bibi yuwakaa wapi?"

"Ndia Kuu. Nyumba ya pili baada ya msikiti."

"Sitaijua. Nipeleke."

Tukatoka katikati ya watu wale wale, bila vigelegele.

Alikwenda mbio, mtu wa toroli, kuku anapiga kelele chini ya kwapa, na kila hatua ilikuwa inatoa sauti ile ile juu ya mawe, kushoto kulia. Sikuweza kumfuata. Kwenye kona ya kwanza alisimama. Hakugeuka. Alisimama akinipa mgongo mpaka nilipomfikia, kisha akaenda tena. Kona ya pili akafanya vivyo hivyo.

Tulipiga hodi. Tulikaribishwa barazani, na Bi Alawiya akaja akakaa nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo, akipapasa ukuta.

"Dzoro ni wewe. Mwendo wako naujua. Na huyu mwengine mwenye miguu mizima?"

"Ni yule aliyenuka, mama," alisema Karisa. "Nimekuletea kuku. Nimeambiwa leo tu kwamba ni wewe."

"Mzima au kachinjwa?"

"Mzima."

"Umefanya vyema. Wa kuchinjwa na nyinyi nisingemla." Mkono wake ulitokea, ukapapasa kuku, ukampima kifua. "Ana nyama. Na Dzoro mbona kimya? Huwa hanyamazi huyu."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu mia, lakini kumwambia yule mzee asiyeona kulikuwa kugumu zaidi. Nilimwambia habari ya kibati, ya chupa, ya jicho lake.

Alimvuta kuku ndani ya mlango. Kisha akauliza, kama alivyouliza kila Jumatatu, "Basi, ameponywa?"

"Nimepona, mama," alisema Karisa.

"Wewe nimekusikia ukija. Namuuliza huyu."

Karisa alinitazama. Alinitazama usoni, si mguuni, nadhani ni mara ya kwanza tangu Mazeras.

"Huyu bado," alisema.

"Basi ataendelea kuja," alisema Bi Alawiya. "Jumatatu uje unichukue, Dzoro, sioni njia tena. Wanisikia? Kila Jumatatu, mpaka huyo daktari mpya afike. Na pamba uilete wewe."

"Nitaleta."

Tuliondoka. Karisa hakunisamehe siku ile. Alikwenda mbele, nami nyuma nikiutazama mguu wake, maana kijicho hakikuwa kimeisha, nasema kweli, kilikuwa kingali kimekaa pale pale. Kwenye kona alisimama tena, akanipa mgongo, akangoja.

Nikamfikia.